Mji wa Valéry

Kitendawili!

Sema "tega," wewe uliyeishika hadithi hii. Usione haya, hakuna anayekutazama. Haya basi: nyumba yangu imejaa watu hadi madirishani, na sijapata kusikia hata mmoja akikohoa.

Si makaburini. Najua umekimbilia huko, kila mtu huanzia huko. Wala si msikitini watu wakiwa wamesujudu, maana hapo ndipo wazee wanapokumbuka vifua vyao. Umeshindwa? Nipe mji. Huku kwetu Bujumbura, kwa wenye Kiswahili chao tangu zamani, aliyeshindwa kitendawili humpa mtegaji mji. Mtegaji huupokea, huenda kwa mdomo wake, hula, hulala, hurudi na jibu. Umenipa Gitega? Ahsante. Nimefika Gitega, nimepikiwa maharage na ndizi, chumvi haikukolea lakini mgeni hasemi, nimelala, nimerudi. Jibu ni chuo kikuu cha mtandaoni.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo Fadhila.

Mchana Fadhila aliuza vipuri vya magari dukani kwa mjomba wake, Buyenzi, akibishana na makanika waliotaka plagi ya Kijapani kwa bei ya Kichina. Jioni alirudi Ngagara, Kartiye ya Sita, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Mama alikuwa amefariki mwaka juzi. Kaka yake, Anouar, alikuwa Ubelgiji, na kila Idi alipiga simu kuuliza kama bati linavuja. Bati halikuwa likivuja. Baada ya hapo hawakuwa na jingine la kuulizana. Fadhila alipika chakula cha mtu mmoja katika sufuria ya watu wanane, kwa kuwa ndogo hakuwa nayo, kisha akaketi mkekani, akafungua simu, akaenda chuo.

Chuo chenyewe hakikuwa na geti wala kengele wala mahali pa kukutania. Kilikuwa na ukurasa, na ukurasani kulikuwa na viduara, na kila kiduara kilikuwa na herufi ndani yake, na kila herufi ilikuwa mtu. Viduara viliingia, vikachukua somo, vikatoka. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ameamkaje. Fadhila ni mtoto wa watu ambao hata kununua chumvi huanza kwa kuulizana hali ya watoto. Alikaa humo kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, mwenyeji akaenda nyuma na kusahau kurudi.

Serikali ya wanafunzi ilianza kwa ajili ya umeme. Siku ya mtihani wa hesabu za biashara umeme ulikatika nusu ya mji, mtandao ukaondoka nao, na saa ya mtihani, ambayo haijui habari za transfoma, iliendelea kuhesabu mpaka ikafunga mlango. Fadhila alipata sifuri kwa swali ambalo jibu lake alikuwa nalo mkononi. Umeme uliporudi akaandika ukurasani: "Kuna mwingine aliyekatikiwa?"

Viduara vikanyamaza. Kisha kimoja, chenye herufi V, kikatuma sauti.

"Mi pia," alisema mwanamume, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe mezani. "Na tuko wengi, dada. Ni vile tu hakuna mutu anataka kuwa wa kwanza kulalamika."

Jina lake lilikuwa Valéry. Wakaiandikia ofisi ya chuo pamoja. Ofisi ikajibu kwa adabu kwamba haiwezi kusikiliza kilio cha mtu mmoja mmoja. Wanafunzi wakiwa na viongozi wao, viongozi na waandike.

"Basi tuweke viongozi," alisema Fadhila.

"Tuweke. Anza wewe."

Uchaguzi ukatangazwa. Hakugombea mtu ila Fadhila. Wachache waliopiga kura walimpigia yeye, na waliobaki hawakujua kama kuna kura.

"Hongera, Prezida," Valéry alimtumia sauti. "Umemushinda nani?"

"Nimekishinda kimya."

"Angalia. Kimya hakijakubali matokeo. Kitakata rufaa."

Fadhila alicheka kwa sauti, peke yake, katika nyumba ya mama yake, kisha akanyamaza ghafla kama mtu aliyeangusha sahani kwa watu.

Valéry alikubali umakamu, na ukatibu ulichukuliwa na Joëlla, msichana wa Mutanga Nord, aliyesema wazi kwamba anautaka ili auandike kwenye CV. Wakaandika tena, safari hii na cheo chini ya kila jina, na sheria ya saa ikabadilishwa: aliyekatikiwa na umeme angeweza kurudi na kumalizia. Hakuna aliyewashukuru. Lakini katika mtihani uliofuata Fadhila aliona viduara vikitoka na kurudi, vikitoka na kurudi, akajua kwamba huko viliko kuna watu wanatafuta betri gizani, na yeye amewashikia mlango.

Likafuata wazo la redio, nalo lilikuwa la Valéry. "Serikali isiyosikika ni uvumi," alisema. Basi kila Ijumaa baada ya Alasiri wakatoa taarifa ya sauti: tarehe za mitihani, majibu ya ofisi, nani ana kitabu cha kuazimisha, nani amejifungua na anaomba aandikiwe somo. Wakaiita Hodi. Valéry alikusanya habari na kuunganisha sauti, Fadhila alisoma. Alisomea chumbani kwa mama, kichwa kakiingiza kabatini katikati ya vitenge na mashungi ya marehemu, kwa sababu Valéry alimwambia nguo humeza mwangwi. "Hodi, hodi wenyeji," aliviambia vitenge, na vitenge vilikuwa bado vinanukia udi. Hakuna aliyejibu karibu. Wiki baada ya wiki, si hata mmoja.

Isipokuwa Valéry. Yeye alikuwa na mkono mwepesi wa kusafisha. Alikata vikohozi vya Fadhila, akamkata kondakta wa bisi anayeita abiria barabarani, akakata na jogoo wa jirani. "Jogoo wa kwenu leo ameongea sana," alimwambia. "Nimemunyima nafasi. Hajachaguliwa na mutu." Na sauti zake mwenyewe zilifika vilevile, zimeoshwa: hamna jogoo, hamna mtoto, hamna adhana wala kengele ya kanisa, hamna hata upepo. Sauti tupu.

"We unaishi wapi?" Fadhila alikuwa amemwuliza mapema kabisa, kama mtu yeyote wa kwetu angeuliza.

"Habari ya pili ni ndefu," Valéry alijibu. "Tuipunguze."

Akamwuliza tena wiki nyingine. "We uko wapi lakini?" Valéry akamtumia ratiba ya mitihani.

Basi Fadhila akamjengea nyumba mwenyewe. Aliiweka Mutanga Nord, kwa kuwa kule kuta ni nene na majirani hawagombani hadharani. Akampa baraza. Akampa miwani. Siku nyingine akipakua wali alijikuta anafikiri kama Valéry anapenda ukoko.

Ijumaa alikuja shangazi yake, Sijaona, dada wa baba, kutoka Buyenzi, kula wali huo. Alisikiliza zile sauti huku akimung'unya kipande cha tangawizi.

"Huyu ana mke?"

"Sijui, shangazi."

"Ana mutoto?"

"Sijui."

"Jogoo je? Hata jogoo?" Akatoa tangawizi mdomoni ili aseme vizuri. "Mutu bila jogoo, bila jirani, bila mutoto wa kulia? Mwanangu, huyo ni jini. Na kama si jini ni mume wa mutu. Bora jini."

"Tunafanya kazi tu, shangazi."

"Ndiyo. Na mi nakuja hapa kula wali tu."

Fadhila alijaribu kuwaona watu wake. Alitangaza kwenye Hodi kwamba wanafunzi wote walio Bujumbura wakutane Jumapili, Kajaga, ufukweni, wale samaki wa mukeke wa kuchoma, wajuane sura. Vidole gumba vikajaa ukurasani. Siku yenyewe ilikuta mjini mafuta hayapo, bisi zimelala. Fadhila alitembea kipande, akapakiwa baiskeli kipande, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimwomba mwenye mkahawa aziunganishe meza. Mwenye mkahawa akaziunganisha, akapanga viti pande zote mbili, akauliza ni harusi ama ni msiba.

Karibu na maji wanawake walikuwa wakigeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, juani. Waligeuza upande mmoja, wakageuza upande wa pili, wakakusanya, wakaenda zao, na viti bado vilikuwa vitupu. Mwishowe akaja Joëlla peke yake, na nyaya masikioni, akampiga picha samaki kabla hajamsalimu mtu.

"Wengine wako wapi?"

"Labda ni mafuta," alisema Fadhila.

"Ah, Prezida! Hawangekuja hata kama ziwa hili lingekuwa ni esanse." Joëlla akanyofoa mnofu, akafumba macho kwa utamu. "Unajua mi nilifikiri we ni mama muzee? Kweli! Kwenye Hodi unaongea kama mutu anasoma tangazo la kifo."

Fadhila alicheka, ila macho yake yalikuwa njiani. Hakuwa akingoja watu wengi. Walipokuwa wakinawa mikono ikafika sauti ya Valéry, safi kama sahani: "Mule vizuri. Mule na sehemu yangu." Nyuma ya Fadhila mwenye mkahawa alikuwa akirudisha viti, kimoja kimoja.

Na baada ya Kajaga ndipo Fadhila alipokosea, na kosa lake lilikuwa kosa la kwetu.

Ofisi ya chuo iliandika kwamba imependezwa. Ili serikali ya wanafunzi itambuliwe rasmi, ilete katiba na majina ya viongozi. Majina tu. Fadhila alilisoma neno hilo na akalielewa. Kisha akachukua katiba ya chama cha shangazi yake, wale akina mama wanaochanga na kuzikana, akaifuata mstari kwa mstari. Katiba zote za kwetu zina kipengele hiki: kiongozi aseme mkoa wake, komini yake, kilima cha asili yake na mahali anapoishi sasa, na abandike picha. Kwetu mtu huulizwa kilima chake kabla hajaulizwa kama amekula. Angeweza kukiruka. Hakukiruka, na moyo wake ulijua ni kwa ajili ya nani.

Joëlla alikubali bila kusoma. Valéry alisoma.

"Prezida, hiki kipengele cha nne, ni chuo kimekiomba?"

"Ni kawaida tu. Mutu anasema kwao, basi."

"Na asiye na kwao?"

Fadhila alikuwa dukani, makanika mmoja kasimama mbele yake na bolti mkononi anagonga kaunta. Akajibu upesi, akicheka: "Valéry na we! Kila mutu ana kwao."

Alama ya kusikilizwa ikatokea. Jibu halikuja.

Halikuja jioni, halikuja kesho yake. Ijumaa Fadhila aliingiza kichwa kabatini, akasoma, akamtumia sauti aiunganishe kama kawaida. Haikuunganishwa. Hodi haikutoka, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Alikifuta kipengele. Akamwandikia: "Nimekifuta. Chuo hakikukiomba, ni mimi." Alama ikatokea, basi. Ofisi ikaitambua serikali ya wanafunzi kwa barua yenye muhuri, na Joëlla akaibandika ukurasani pamoja na maua. Fadhila aliisoma amesimama jikoni. Sasa alikuwa prezida kamili, na hakuwa na wa kumwambia. Kiduara cha V kilikuwapo palepale, kama kiatu cha mtu mlangoni, lakini hakuwa na namba yake ya simu, hakujua jina la baba yake, hakujua amwulizie wapi. Ukipotelewa na mtu Ngagara unakwenda kwa jirani yake. Huyu jirani yake ni nani?

Ijumaa nyingine akaona bora aitoe mwenyewe. Kuunganisha hakujua, kukata hakujua. Alibonyeza tu akaanza. "Hodi, hodi wenyeji..." Na Shangazi Sijaona akaingia.

"Unaongea na nguo za mama yako?"

"Narekodi, shangazi."

"Wako humo?"

"Wamo. Sijui. Wanasikiliza, labda."

"Umewapigia hodi?"

"Kila wiki."

"Wanasema karibu?"

"Hawasemi."

"Aa! Siku hizi hakuna mutoto analelewa. Sogea." Shangazi akajipenyeza kabatini na shungi lake, bega kwa bega na Fadhila. "Nyinyi humo! Kitendawili!"

Akatega sikio.

"Shangazi, hawawezi kujibu sasa hivi. Inarekodi tu."

"Nangoja."

Na akangoja kweli. Jogoo wa jirani akawika asubuhi yake ya alasiri. Bisi ikapita, kondakta akiita watu wa mjini. Fadhila akazuia kikohozi, kikamshinda, akakohoa.

"Haya, nachukua kwamba mumesema tega. Nimefunga mlango, mgeni akaingia. Nimefungua, akatoka, wala hakuaga. Ni nini? Mukishindwa munipe mji. Mji wowote, ila si Paris. Kila mutu ananipa Paris, na mi baridi siiwezi."

Ikatoka hivyohivyo, na jogoo na kikohozi na ukimya mrefu wa mwanamke mzee anayengoja watu waseme tega.

Jumamosi simu ilitetemeka juu ya kaunta mpaka ikajisogeza yenyewe kwenye mafuta ya breki. Fadhila aliifungua akidhani ni matangazo.

"Tega, bibi!" kiduara kimoja kiliandika, kimechelewa siku nzima. "Tega." "Tega, bibi yetu." Kisha majibu: baridi, mwizi, deni. "Ni mume wangu," aliandika mwanamke mmoja, "na mukimuona mumuambie watoto wanamusalimia." Kisha wakashindwa, na miji ikaanza kumiminika. Chukua Uvira, bibi. Chukua Rumonge, na mawese ya kubeba. Muyinga, uje na mwavuli. Kigoma. Ngozi. Joëlla aliandika kwamba Mutanga Nord si mji lakini kwao kuna kochi. Na mtu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kuisoma hata sentensi yake akaandika: "Chukua Doha. Nalinda mlango wa hoteli. Hodi naisikiliza nikiwa nimesimama. Huku baridi hakuna, bibi."

Kumbe walikuwamo. Walikuwamo muda wote, kila mmoja akidhani wengine ndio wenyeji na yeye ndiye mgeni, na mgeni haitikii hodi ya mgeni mwenzake.

Fadhila aliisoma miji yote hadi mwisho, akairudia. V hakuandika. Lakini ukigusa chini ya taarifa ukurasa ule huonyesha waliosikiliza, na katikati ya viduara hivyo, kimoja kilikuwa na V.

Ijumaa Shangazi alifika amepaka wanja, kama vile redio inaonyesha sura. "Nimewaletea jibu lao, ni ndoto. Washa."

"Bado, shangazi."

"Bado nini? Nimepewa miji mpaka miguu inauma."

"Kuna mmoja hajatoa."

Shangazi akamtazama mtoto wa kaka yake, akatazama kabati la wifi yake lililo wazi. Hakuuliza ni nani. "Mi nimetega vitendawili tangu sijaota meno mpaka sasa yamekwisha kutoka," alisema, "na sijaona kitendawili kinamungoja mutu mmoja." Akaingiza kichwa kabatini. "Haya. Waambie bibi bado yuko Uvira. Samaki wapo, harudi leo."

Wiki ile bibi alikuwa Uvira. Wiki iliyofuata alikuwa Rumonge, akalalamika kuhusu mbu. Alipofika Ngozi, milimani mbali na ziwa, akadai amekula ndagala wabichi, na mwanafunzi wa Ngozi akamsahihisha kwa ukali, akatuma sauti yake mwenyewe kueleza kule hula nini, na nyuma yake mvua ilisikika ikipiga bati. Mlinzi wa Doha akatuma habari za mlango wake. Wa Muyinga akajitolea kusoma ratiba. Hodi ikawa ndefu, yenye kelele, na hakuna aliyeikata. Joëlla alianza kuwapanga wasomaji kwa zamu, na akasahau kabisa habari za CV.

"Lakini Prezida, watu wanataka jibu," alimwambia. "Wanasema huu ni udikteta wa kitendawili."

"Waambie wavumilie."

"Wanamungoja nani?"

Fadhila akasema simu inakwisha chaji.

Kila mwisho wa Hodi alisema maneno yaleyale: "Bado mmoja. Hatumuulizi kwao. Atoe mji wowote, hata ambao hajafika." Kila Jumamosi aligusa chini ya taarifa, na V ilikuwamo miongoni mwa waliosikiliza, na mdomo wake haukufunguka. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Ukurasa sasa ulikuwa soko. Akiufunga, nyumba ilikuwa ileile, na sufuria ileile, na ukoko wa wali ambao hakuna wa kugombania naye.

Mvua za vuli zikaingia. Ijumaa moja Shangazi alituma neno kwamba magoti yake yamekataa, leo bibi abaki alipo. Fadhila alikuwa mbele ya kabati, mkono kwenye shungi la mama, hajui aanze na nini, simu ikalia: ujumbe wa sauti, akaufungua bila kutazama herufi.

Alidhani ni mtu amekosea. Ilikuwa kelele tupu: kitu kikubwa kinapigwa na upepo, pap, pap; madumu yanagongana; wanawake wanabishana nani alitangulia kwenye foleni; mtoto analia; jogoo, ndiyo, jogoo. Na katikati ya hayo, karibu kabisa na sikio, mtu akakohoa.

"Leo sijakata kitu," ilisema sauti anayoijua.

Fadhila akakaa chini, palepale sakafuni, mlango wa kabati ukamgusa begani.

"Hiyo inapiga pap-pap ni turubai. Huwa naanza kukata yenyewe, ndiyo inasumbua kuliko vyote." Akakohoa tena. "Prezida. Ulisema kila mutu ana kwao. Nikakaa nikatafuta kwetu ni wapi. Mi nilitoka Burundi mgongoni kwa mama, tukahama kambi hii na kambi ile. Kilima alikuwa anakijua mama, na mama hayupo. Sikukasirika, usifikiri hivyo. Ni kwamba mutu akisha kujua niko wapi, ananyamaza kidogo, kisha anaanza kuongea na mi polepole kama mutu anaongea na mugonjwa. We ulikuwa unanitania. Sikutaka uache."

Upepo ukalishika turubai, ukaliachia. Mtoto alikuwa amenyamaza.

"Lakini uliniuliza, siku zile za kwanza kabisa, na mutu akiulizwa anajibu. Niko Nakivale, Uganda. Kambini. Kama na hiyo inapokelewa kuwa mji, mupe shangazi. Mwambie tu aje na viatu vya matope."